Shikamoo ya Bi Ratili

Ukitaka kumjua Bi Ratili, usihangaike kumtafuta ofisini. Nenda sokoni asubuhi, simama karibu na wauza nafaka, ungoje. Kwanza utaona mikono ya watu inavyopata kazi ghafla: huyu anabandua kipande cha sumaku chini ya sahani ya mizani, yule anafuta mshale kwa upindo wa shati, na mwingine anakumbuka ana mgonjwa nyumbani, anafunga duka. Ndipo anatokea mwenyewe, mwanamke mfupi mnene, kabeba sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya serikali, na mdomo umemtangulia.

"Kaka, hii kilo yako imeugua nini? Mbona imekonda hivi?"

Watu wanaangua kicheko, kaka anatafuta pa kuficha uso. Bi Ratili alikuwa mkaguzi wa mizani katika Idara ya Vipimo. Jina la Ratili alipewa na wauza nyama wa zamani, wale waliokuwa bado wanataja ratili badala ya kilo wakati yeye anaanza kazi. Jina lake la kwenye cheti hata mumewe ilibidi achungulie kitambulisho ndipo alitaje.

Walimwogopa, lakini hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na mdomo tu. Mdomo huo nusura umponze mbele ya baraza zima la serikali, na kwa kuwa wapo watu wanaosimulia habari hii kama walikuwepo, na kumbe siku hiyo walikuwa kwao wamelala, hebu niisimulie mimi.

Bi Ratili alikuwa bado mgeni kazini, yumo katika muda wa majaribio, pale idara ilipomleta kijana mwingine. Kijana mrefu, mpole, suruali imemzidi kiuno. Kwa umri Bi Ratili alimpita kidogo, basi kijana akaingia na adabu zake zote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Shika hili sanduku."

Ndivyo alivyoanza kazi. Bi Ratili alimfundisha kila kitu: kwamba jiwe la mizani halishikwi kwa mkono mtupu, maana jasho nalo lina uzito, kwamba mshale unatazamwa kwa kuinama, si kwa kusimama kama mlingoti, na namna ya kumtambua muuza samaki anayepima samaki pamoja na kidole gumba chake. Kijana alishika haraka. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba kila kitu kwake kilikuwa wastani. Umeamkaje? Wastani. Chai ina sukari? Wastani. Siku alipooa walimuuliza bibi harusi yukoje, akasema wastani, na wakweze wakasikia. Jina likamganda: Bwana Wastani.

Sasa, Bi Ratili alikuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho. Akaenda likizo, akajifungua mtoto wa kike, kitindamimba wake, akapumzika, akarudi kazini na maziwa yanamvuja kwenye blauzi. Akakuta ubaoni kumebandikwa orodha ya uandamizi, yaani ile orodha ya serikali inayosema nani yuko mbele ya nani, na ambayo vyeo vyote huifuata. Bwana Wastani yuko juu. Yeye yuko chini yake.

Akaenda kwa karani wa utumishi kama upepo.

"Dada yangu," karani akamwambia bila kuinua kichwa, "ulipokwenda kujifungua ulikatisha muda wa majaribio. Kwa hiyo tumekuhesabu unaanza upya."

"Naanza upya? Kwani mimi kanda ya redio, nirudishwe mwanzo?"

"Kama hukuridhika, andika malalamiko. Utaratibu upo."

Na kweli ulikuwepo. Hata bosi wa wakati huo alimwambia: andika tu, hilo ni kosa la wazi, litasahihishwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ukurasa mmoja tu, ndugu yangu! Angeuandika jioni ile, leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Hakuandika. Na hapa ndipo wasimuliaji wengine wanapotia chumvi, eti alikuwa mvivu, eti alimwogopa karani. Bi Ratili amwogope karani! Sikiliza sababu.

Mama yake Bi Ratili, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwema sana, ila alikuwa na neno lake moja. Alipata mimba ya Bi Ratili akiwa mwanafunzi, akaachishwa masomo. Basi kila alipoudhika, neno hilo lilimtoka: "Wewe ndiye uliyenitoa shule." Mtoto akichelewa dukani, umenitoa shule. Mtoto akivunja kikombe, "Shule umenitoa, sasa na vikombe!" Hakukusudia ubaya, na jioni yake alimpakata na kumsuka nywele. Lakini Bi Ratili alikua akiijua bei yake, kwamba yeye aligharimu shule nzima, na kila alipofaulu mtihani aliona aibu. Akaapa kwamba mtoto wake yeye hataambiwa bei.

Sasa mwone jioni ile, amekaa mezani, kitindamimba mapajani, kalamu mkononi. Pembeni mumewe, fundi cherehani, anashona sare za shule na kumsikiliza anavyosoma kwa sauti anachoandika. "Mimi niliyetajwa hapo juu nalalamika kwamba nilishushwa nafasi kwa sababu ya kumzaa..." Kalamu ikasimama.

Cherehani nayo ikasimama. "Wino umeisha?"

"Siwezi kuandika hivi. Atakuja kuisoma."

"Nani?"

"Huyu."

Fundi akamtazama mtoto, mtoto akacheua. "Huyu? Hata meno hana!"

"Yataota. Atakua, atajua kusoma. Karatasi ya serikali haifi."

"Karatasi ya serikali ndiyo ya kwanza kufa," mumewe akasema. "Uliza faili langu la kiwanja."

Bi Ratili akaikunja ile karatasi, akaitia jikoni, ikachemshia maji ya kumwogeshea mtoto. Akajiambia ataandika mwezi ujao, akipata maneno mazuri zaidi. Mwezi ujao ukaja na mambo yake. We acha tu, unajua mwenyewe miezi ilivyo.

Haukupita muda mrefu Bwana Wastani akapandishwa cheo, kwa kuwa yuko juu kwenye orodha. Akawa Mkaguzi Mwandamizi. Asubuhi yake aliingia ofisini na suruali mpya iliyomkaa sawasawa, na watu wote wako pale, kuanzia bosi hadi mama chai na birika lake. Wote wanamtazama Bi Ratili, wanajua mwenye nafasi ni nani. Bi Ratili akasimama, akakunja goti kidogo kama msichana wa shule, akavuta sauti:

"Shikamoooo, bosi!"

Ofisi nzima ilipasuka. Mama chai alimwaga chai kwenye viatu vya bosi na bosi hakuona. Mtu mzima kumwamkia aliyekuwa anamwamkia yeye! Bwana Wastani alisimama mlangoni, uso umemwiva, kisha, maskini, kwa kukosa la kufanya, akaitika: "Marahaba."

Basi ikawa ndiyo hiyo. Kila asubuhi ya Mungu, Bi Ratili anainuka, anakunja goti, "Shikamoooo, bosi," na Bwana Wastani anaitika kwa sauti ndogo. Mwaka ukaisha, wakaja wafanyakazi wapya wasiojua chanzo, wakadhani ni desturi ya idara. Wengine wakaanza kukunja goti.

Nyumbani mumewe hakuacha kumkumbusha. Kila mwaka orodha mpya ikibandikwa, watoto wakishalala, fundi anasimamisha cherehani na kuanza. "Mama nanihii, dai haki yako." "Atasikia." "Basi mwambie mwenyewe, yaishe." "Nimwambie kwamba amenishusha cheo? Mimi nimekuwa mama yangu?" Hapo fundi anakanyaga cherehani kwa hasira, na sare ya mtoto wa watu inashonwa mkono umepinda.

Kumshtaki Bwana Wastani nako kulizidi kuwa kugumu. Mama yake Bi Ratili alipofariki, Bwana Wastani ndiye aliyetangulia kufika, ndiye aliyebeba jeneza, na alilia kupita wafiwa wenyewe hadi ikabidi apewe kiti. Mtu amemlilia mama yako kukushinda wewe, utamwandikia nini? Bi Ratili alimchukia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi alimpelekea mkewe mboga.

Hivyo hivyo miaka ikapita ishirini na zaidi. Kitindamimba akakua, akasoma, akawa muuguzi wa hospitali, mwenye sare nyeupe na maoni juu ya kila jambo. Na mwaka huo Mkaguzi Mkuu wa idara akatangaza anastaafu.

Nafasi ya Mkaguzi Mkuu hupewa aliye wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa Bwana Wastani. Wa pili, Bi Ratili. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza muda kidogo astaafu; nafasi hii ikipita, haitakuwepo nyingine.

"Nikistaafu chini ya Wastani," alimwambia mumewe, "mtanizika chini ya Wastani. Nadai."

"Leo?" Fundi alishtuka hadi sindano ikakatika. "Sasa mtoto ana mvi ndio unadai?"

"Hana mvi. Na hatajua. Nimeuliza, baraza la rufaa la watumishi linakaa mchana, yeye mchana yuko wodini. Nitasema, nitatoka, basi. Karatasi nimeipeleka mwenyewe kwa mkono."

Kitindamimba aliposikia mama ana kesi ya cheo alitaka kwenda, tena alikuwa tayari kubadilishana zamu. Bi Ratili akamwambia kesi ni Alhamisi. Kesi ilikuwa Jumanne. Mtu ambaye hakumsamehe muuza sukari gramu moja alimdanganya mwanawe siku mbili nzima, bila kupepesa.

Jumanne ikafika. Baraza lilikaa katika chumba kirefu chenye feni inayolalamika na viti vilivyokopwa ofisi jirani. Mbele mwenyekiti, mzee wa miwani mizito, na wajumbe wawili. Upande mmoja Bi Ratili peke yake na mkoba wake. Upande wa pili wakili wa serikali, kijana nadhifu, kola imemkaba. Malalamiko yakasomwa yote, na neno la kujifungua likasomwa, na Bi Ratili akashusha pumzi kwa kuwa hakukuwa na wa kulisikia ila mama chai na Bwana Wastani, walioitwa kama mashahidi.

Wakili akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, serikali haibishi kwamba ulihesabiwa vibaya. Serikali inasema umechelewa. Umekaa zaidi ya miaka ishirini bila kulalamika. Na si kukaa tu. Je, ni kweli kwamba kila siku ulikuwa unamwamkia Mkaguzi Mwandamizi shikamoo?"

Bi Ratili akamtazama. "Ndiyo."

"Wewe umemzidi umri. Mkubwa hamwamkii mdogo. Basi shikamoo hiyo ulimpa kwa lipi, kama si kwa cheo chake? Mheshimiwa mwenyekiti, mlalamikaji alikikubali cheo hicho kila asubuhi, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, tena kwa kupiga goti!"

Wajumbe wakatazamana. Ilikuwa hoja nzito, na Bi Ratili aliuona uzito wake. Lakini mdomo si wake?

"Mwanangu," akasema, "na wewe umeniamkia sasa hivi. Basi mimi ndiye bosi wako? Kaa chini."

Kijana wa watu akakaa. Kisha akakumbuka kuwa yeye ndiye wakili, akasimama tena huku chumba kizima kikicheka.

"Ilikuwa kejeli, mheshimiwa," Bi Ratili akasema. "Mtu mzima akimpigia goti mdogo wake, hata kuku anajua ni kejeli."

"Baraza halijui kuku wanajua nini," mwenyekiti akasema. "Aitwe shahidi."

Mama chai akaja mbele, amevaa gauni lake la harusini, maana hajawahi kuitwa na serikali kwa jambo jema. Akaulizwa kama anaweza kulieleza baraza shikamoo ile ilikuwa ya namna gani.

"Mheshimiwa, shikamoo ziko nyingi. Iko ya kuomba mkopo, hiyo inasemwa chinichini. Iko ya kumwogopa mtu, hiyo inakatika mwishoni, shikamo. Hii ya Bi Ratili ilikuwa na mkia."

"Mkia?"

"Mkia mrefu."

Mwandishi wa baraza akainua kalamu. "Mheshimiwa, niandike herufi o ngapi?"

"Hebu itamke kama alivyoitamka yeye," mwenyekiti akaagiza.

Mama chai akakunja goti, akapandisha kifua, akaiachia: "Shikamooooo, bosi!"

"Marahaba!" akaitika mwenyekiti.

Ilimtoka tu. Amelelewa hivyo, tumelelewa hivyo sote. Ukiamkiwa unaitika, hata ukiwa usingizini. Wajumbe wakainamisha vichwa na mabega yakawa yanatikisika. Mwandishi akauliza kama marahaba nayo iingie kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Akaitwa Bwana Wastani. Alikula kiapo, akasimama na mikono nyuma. Huyu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Akisema neno moja tu, nafasi ni yake.

"Bwana Mkaguzi," wakili akamwuliza kwa upole, "ile shikamoo, uliiona ni ya heshima?"

"Wastani," akasema Bwana Wastani.

Chumba kikacheka tena. Mwenyekiti akagonga meza. "Hapa hakuna wastani. Uko chini ya kiapo. Ya heshima au si ya heshima?"

Bwana Wastani akaangalia chini. Alipoinua uso alimtazama Bi Ratili, si mwenyekiti.

"Si ya heshima, mheshimiwa. Hakuwahi kunikubali hata asubuhi moja. Nikifika kabla yake naogopa atakavyoingia, nikichelewa naogopa nitakavyoingia mimi. Kila siku alinikumbusha nimekaa pa nani. Na alikuwa na haki, maana ndiye aliyenifundisha kushika jiwe la mizani."

Bi Ratili alifungua mkoba akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Aliwahi kujibiwa matusi mengi sokoni na kuyarudisha na chenji, lakini hili halikuwa tusi.

Ni wakati huo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia msichana mwenye sare nyeupe ya uuguzi, anahema. Nyuma yake fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, anakwepa macho ya mkewe. Hakuweza kuitunza siri, mwanamume yule. Asubuhi ile binti alimpelekea chai akamuuliza tu, "Baba, kweli ni Alhamisi?" naye akamwaga yote. Wakakaa kiti cha mwisho.

Bi Ratili akaufunga mkoba kwa kishindo.

"Baraza limeridhika," mwenyekiti akasema, "kwamba shikamoo iliyotajwa haikuwa na heshima yoyote ndani yake. Hoja hiyo ya serikali imeanguka. Limebaki swali moja, mama, na sikiliza vizuri, maana kesi yako yote imesimama hapo. Kosa lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Ukiwa na sababu ya kueleweka ya kuchelewa, tunakurudishia nafasi yako leo. Usipokuwa nayo, mikono yetu imefungwa. Kwa nini hukulalamika?"

Sababu ilikuwepo. Ilikuwa imekaa kiti cha mwisho, imevaa sare nyeupe, inamtazama kwa macho makubwa. Bi Ratili akakitazama cheo chake, kiko pale mezani, kinangoja neno moja. Akamtazama mwanawe.

"Uzembe, mheshimiwa."

"Unasema?"

"Uzembe wangu tu. Niliahirisha, nikaahirisha. Mimi ni mvivu."

Bwana Wastani akageuka akamtazama kama mtu aliyesikia paka akibweka. Mama chai akasema "Hee!" kwa sauti. Fundi akafumba macho.

Wakili aliona mlango umefunguka, akaingia mzima mzima. "Mheshimiwa, mlalamikaji amekiri mwenyewe. Haki haimngoji aliyelala. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!"

"Ni wake!"

Vichwa vyote vikageuka. Kitindamimba alikuwa amesimama.

"Mwana ni wake, mheshimiwa," akasema. "Mwana mwenyewe ni mimi. Hakuchelewa kwa uvivu. Alichelewa kwa sababu yangu."

"Kaa chini wewe!" Bi Ratili akafoka.

"Sikai, mama."

Wakili akapinga; huyu hayumo kwenye orodha ya mashahidi. Mwandishi akauliza amwandike kama nani, shahidi au kielelezo. Mwenyekiti, ambaye siku hiyo ilikuwa imemchosha, akasema, "Mwandike kielelezo."

"Mwanangu si kielelezo!" Bi Ratili aliinuka, mkoba ukaanguka. "Mwanangu msiniandikie popote! Miaka yote nimekaa kimya asiandikwe, leo nyinyi mnamwandika? Ndiyo, nilinyamaza kwa ajili yake! Mimi mama yangu aliniambia nimemtoa shule. Kila siku ya Mungu aliniambia. Nikasema wangu hataambiwa, wangu hatakuta karatasi ya serikali inayosema alipozaliwa alimharibia mama yake. Mngenipa umkaguzi mkuu wa dunia nzima nisingeiandika. Sasa ameshasikia. Andikeni mnachotaka." Akakaa, akafunika uso kwa viganja.

Wakili alikuwa bado amesimama. Akalegeza kola. "Serikali," akasema taratibu, "haina swali jingine."

Mwenyekiti na wajumbe waliinamiana wakanong'ona. Hawakukaa sana. Sababu imeeleweka, wakasema. Mlalamikaji arudishwe mahali pake kwenye orodha, kuanzia siku ile ile aliyoajiriwa, na nafasi ya Mkaguzi Mkuu ijazwe kwa kufuata orodha iliyosahihishwa. Bwana Wastani alipoulizwa kama ana la kusema, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Nafuu." Watu waliomjua hawakuamini masikio yao, maana hakuna aliyewahi kusikia anapima jambo kwa neno jingine.

Watu wakatoka, wakampongeza, mama chai akapiga vigelegele hadi akanyamazishwa. Bi Ratili hakumjali yeyote. Alimshika mwanawe kiwiko akamvuta hadi mwisho wa ukumbi, karibu na ndoo ya zimamoto, akamkaripia kama alivyomkaripia alipokuwa mdogo.

"Nani alikutuma usimame? Eh? Baba yako ndiye aliyekuambia? Nitamkata ulimi kwa mkasi wake mwenyewe!"

"Baba ameniambia siku tu, mama. Hili nilikuwa nalijua."

"Unalijua tangu lini?"

"Tangu darasa la pili. Au la tatu. Nilikuwa nasikia ukutani. Cherehani ikisimama tu, najua leo ni lile jambo langu."

Bi Ratili aliacha kiwiko. "Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa najifanya."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ningesema, ungejua najua, ungeumia. Nikawa naomba tu siku moja udai, upate cheo chako, niache kujisikia vibaya. Kila orodha ikitoka nangoja. Hudai. Nikaona labda nikifaulu sana shuleni itakupoza."

Mdomo wa Bi Ratili, ule ule uliofunga maduka, ulibaki wazi. Alihesabu kitu kichwani, akahesabu tena.

"Kwa hiyo nimempigia goti mwanamume yule miaka yote hii bure?"

"Bure kabisa, mama."

Kicheko kikawashika wote wawili kwa pamoja. Walicheka wakishikilia ukuta, karani mmoja akatoa kichwa mlangoni kuwaomba wapunguze sauti, wakazidi. Walipochoka, binti akajifuta macho na upindo wa sare, na Bi Ratili akaona kwamba yale machozi hayakuwa yote ya kicheko, wala yake hayakuwa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Mtu huyu hakuwahi kumwomba mtu msamaha tangu ajue kusema.

"Nikusamehe nini? Hukuniambia hata siku moja."

"Kwa kukuacha macho usiku wote ule," Bi Ratili akasema, "nami nikadhani umelala."